Maziwa ya Mlango wa Pili

Kati ya mlango wa dada yangu na mlango wa jirani pana korido fupi yenye sakafu ya saruji iliyopasuka, ndoo za maji, baiskeli isiyo na mnyororo na kamba ya kuanikia nepi. Mwaka niliomaliza chuo, nikiwa sina kazi ya kueleweka, niliivuka korido hiyo nikiwa na mtoto mchanga mikononi, kwenda na kurudi, mpaka mafundi cherehani wa ghorofa ya chini wakaanza kuniita yaya. Sikukasirika. Yaya angalau ana kazi.

Ni ghorofa la zamani, Kariakoo, kwenye mtaa ambao ukifungua dirisha asubuhi unapokelewa na spika ya muuza mashuka. Dada alikuwa amepanga vyumba viwili huko juu na mumewe, dereva wa lori anayebeba makontena kutoka bandarini kwenda Zambia, na mimi nilikuwa nalala sebuleni kwao. Shemeji alikuwa barabarani dada alipojifungua kwa upasuaji. Dada alirudi nyumbani na binti yake, akamnyonyesha siku chache vizuri tu, halafu akaanza homa. Kidonda kilikuwa kimeoza kwa ndani. Akarudishwa hospitali, akafanyiwa upasuaji mwingine, akalazwa kwenye chumba cha uangalizi maalumu ambacho mtoto haruhusiwi kuingia.

Siku wanamchukua, alinipa mtoto mwenyewe, mikono yake ikiwa ya moto kama pasi.

"Asije akanisahau," aliniambia.

Nilimjibu kwamba mtoto wa umri ule hana kumbukumbu ya kusahau. Nilidhani namfariji.

Mama alikuja kutoka Masasi kwa basi, na korosho na mfuko wa ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini ambavyo watu wa kusini hawaendi kumtazama mgonjwa bila kuvibeba. Alimkuta mjukuu wake analishwa kwa kikombe kidogo, maziwa ya kopo. Nesi wa kliniki ndiye aliyetuambia aina ya kununua, na akatuambia tutumie kikombe, si chupa, kwa sababu kikombe kinasafishika. Nilikuwa nimesimama duka la dawa nikasoma maelekezo ya kopo lile mpaka muuzaji akaniuliza kama naandaa mtihani. Nyumbani nilichemsha maji, nikapima unga kwa kijiko chake, nikausawazisha kwa mgongo wa kisu. Mama alinitazama kama mtu anayemtazama fundi asiyemwamini akifungua redio.

"Hilo kopo limezaa watoto wangapi?" aliniuliza.

"Mama, hayo maelekezo yameandikwa na wataalamu."

"Mimi nimezaa sita."

Mimi ni mmoja wa hao sita, na nilikuwa nimesimama pale na afya yangu.

Tuligawana kazi. Nikienda hospitali kumtazama dada, Mama anabaki na mtoto. Mtoto alikunywa, akakojoa sana, akalala, akaamka analia. Nikaona ni kawaida. Lakini baada ya siku kadhaa kilio kilianza kuwa chembamba, kama kinatoka chumba kingine, na ngozi ya mapaja ikaanza kukunjika. Tulimpeleka kliniki. Nesi akamweka kwenye kile kitambaa kinachoning'inia kwenye mzani, akautazama mshale, akatazama kadi, kisha akatutazama sisi.

"Mnamchanganyiaje maziwa?"

Nikaanza kutoa maelezo, maji kiasi hiki, vijiko kadhaa. Mama akanikatisha.

"Yakiwa mazito mimi nampunguzia."

"Unapunguza na nini, Mama?"

"Na maji, mwanangu. Yale ni mazito mno. Hata uji hatumpi mtoto mzito namna ile, unaanza na mwepesi. Tumbo lenyewe kama ngumi."

Nesi hakupaza sauti. Alimweleza kwamba tumbo kama ngumi likijaa maji, maziwa hayana pa kukaa, mtoto anaonekana ameshiba kumbe ana njaa. Akasema uzito umeshuka, na mtoto wa umri ule hana akiba ya kushukia. Turudi baada ya siku chache. Mshale usipopanda, atamlaza. Kisha akaniuliza kama dada anakamua maziwa huko alikolazwa. Nikamwambia anajaribu, yanatoka matone.

"Aendelee, hata kama ni matone, yasije yakakauka. Na nyumbani kwenu hakuna anayenyonyesha? Mwenye afya, aliyepima?"

"Ndugu zetu wote wako Masasi," Mama alisema.

Tulirudi kwa miguu. Mahali fulani katikati ya mikokoteni ya nyanya Mama alisema, si kwangu hasa, "Sita, na wote mmekua." Nilikuwa na la kusema kuhusu ukubwa wa sampuli. Nikatazama jinsi alivyomkumbatia yule mtoto, kitenge kimezungushwa mara mbili juani, nikaliacha.

Mchana huohuo mtoto alilia kwa muda mrefu. Nikatoka naye koridoni, labda hewa itamtuliza. Mlango wa pili ukafunguliwa.

Jirani yetu alikuwa mke wa mwenye duka la vitambaa hapo chini, familia yenye asili ya Uarabuni iliyokaa ghorofa lile tangu babu zao. Alikuwa na mwanawe wa kiume aliyekuwa ameanza kujigeuza mkekani, na alikaa na mama mkwe wake ambaye nyumba nzima tulimwita Bi Mkubwa. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumebadilishana salamu na vitunguu tu. Alisimama mlangoni ameushika mtandio, na kanga yake kifuani ilikuwa imelowa alama mbili kubwa.

"Kaka, huyo mtoto wenu akilia huko, mimi nalowa huku," alisema. "Nipe."

"Hapewi mtu!" Sauti ya Bi Mkubwa ilitoka ndani. "Kwanza yazungumzwe."

Yakazungumzwa pale pale, koridoni. Bi Mkubwa alitoka na kiti chake cha plastiki, Mama akatoka na ndoo akaigeuza akakalia. Nilitoa shikamoo, nikaitikiwa, nikabaki nimesimama na mtoto anayelia, katikati yao kama karani wa mahakama.

"Dada yangu," Bi Mkubwa alimwambia Mama, "kwetu sisi mtoto akinyonya kwa mtu, yule mtu ni mamake. Si jina tu. Watoto wa yule mtu ni ndugu zake. Huyu mjukuu wako na huyu mjukuu wangu hawataoana."

"Bi Mkubwa, wana miezi!" Mama alisema. "Wangu hata miezi hana."

"Watakua. Si ndilo unalolitaka, akue?"

"Sisi ni Wakristo lakini."

"Nyinyi ndiyo. Wangu hapana. Kesho na keshokutwa akamtamani huyu, nani atamwambia? Mimi nitakuwa chini ya udongo. Kwa hiyo yasemwe leo, wasikie watu."

Mama alimtazama yule mvulana mnene aliyekuwa anatafuna kona ya mkeka. "Na huyo kwa mwili ule atatumalizia chakula," alisema. "Sawa. Wasioane."

Hapo nikasema na mimi nina jambo. Nikasema vipimo. Wakanitazama. Nikasema, damu, Ukimwi, kwa sababu maziwa yanapitisha. Hata mtoto aliacha kulia kidogo, nadhani kwa uchovu. Mama alifumba macho.

"We mtoto," alisema. "Mtu anakupa maziwa."

Jirani akacheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Mwacheni. Mimi nimepima kliniki nilipokuwa na mimba, lakini twende tena, leo, wote. Na mama yake huyu je? Maana na mimi mtoto wenu akininyonya anaweza kuniambukiza."

"Amepimwa," nilisema. "Yuko salama."

"Haya. Mjomba twende."

Ndivyo alivyoanza kuniita mjomba. Kabla ya hapo nilikuwa kaka.

Tulienda, tukakaa kwenye benchi, majibu yakatoka tukiwa hapohapo. Alinipita mlangoni akasema, "Niko salama mjomba. Wewe umepima lini?" na nesi akainama kwenye droo yake kuficha kicheko. Mumewe tulimpitia dukani. Alikuwa anapima kitambaa cha mteja, akasema bila kuacha kupima, "Haina neno. Mtoto ale."

Alibaki dada, mwenye mtoto, kuulizwa. Niliruhusiwa kumwona dada kwa muda mfupi, nimevaa joho la hospitali na barakoa. Nilimweleza mambo yote, ya uzito, ya Mama na maji, ya jirani.

"Ana maziwa mengi?" aliniuliza.

"Mwanawe ana mashavu kama maandazi."

Aligeukia ukutani. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Mpelekeni. Lakini mimi ndiye mama yake. Umesikia?"

Nilimwambia nimesikia.

Nilipompeleka mtoto mara ya kwanza, nilimkabidhi kwenye pazia la mlango wa jirani na kubaki upande huu. Mama alisimama nyuma yangu. Tukasikia mtoto anameza. Sauti ndogo, nzito kidogo, kama mtu mzima mwenye kiu: kolo, kolo, kolo. Kwa siku zote za kikombe sikuwahi kuisikia sauti ile. Mama alikaa chini sakafuni pale pale alipokuwa amesimama, akavua kilemba, akajifutia uso.

Basi ikawa kazi yangu. Usiku tulitumia kikombe, na Mama sasa alisawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu bila kuniangalia. Mchana ni korido. Nikisubiri upande wangu wa pazia, Bi Mkubwa alinipa kahawa, na mimi sijui kukaa na mtu bila kumuuliza.

"Bi Mkubwa, akinyonya mara moja tu, tayari ni mtoto wenu?"

"Sisi tulivyofundishwa, mara tano. Za kushiba."

"Akiishia nne?"

"Akiishia nne ana njaa, na wewe umebaki na hesabu zako."

"Lakini kwa nini maziwa? Damu wanayotiana watu hospitalini haiwafanyi ndugu."

"Aliyekutia damu hakukupakata," alisema, akanijazia kikombe. "Kunywa. Msomi unauliza mpaka kahawa inapoa."

Sikushawishika. Nilikuwa nimekunywa kahawa ya watu wengi walionipakata kwa namna moja au nyingine na hatukuwa ndugu. Lakini ilipotimia ya tano, Bi Mkubwa alijaza sinia la tende akagonga kila mlango wa ghorofa yetu, na wa juu, na mafundi wa chini, akawaambia kwamba hawa wawili sasa ni ndugu, wakumbuke. Watu walichukua tende. Fundi mmoja alimwuliza kama kuna na halua. Nilitazama tukio lile nikiwaza kwamba hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa, na bado kilikuwa kikao rasmi kuliko mahafali yangu.

Tuliporudi kliniki mshale ulikuwa umepanda. Nesi aliurudia mzani kuhakikisha. "Mmefanya nini?" Mama akasema, "Tumepata ndugu," na hakueleza zaidi.

Dada alirudi nyumbani akiwa amekonda, anatembea ameegemea ukuta, mkono kwenye tumbo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukaa kitandani, kufungua kanga na kunyoosha mikono. Nikampa binti yake. Mtoto alishika, akavuta kidogo, akaachia, akageuza uso na kulia.

"Anatafuta mlango wa pili," Mama alisema kwa mzaha, na hapohapo akajuta, niliona.

Nilieleza kwamba mtoto wa umri ule haoni hata mwisho wa kitanda, atatafutaje mlango. Kwamba maziwa yamepungua tu kwa sababu hayakunyonywa. Ilikuwa kweli. Haikumsaidia dada. Alikuwa anatazama kifua chake kama kitu alichoazima.

Nyumba ikageuka jiko. Mama aliamini ming'oko, kisamvu cha karanga na supu ya samaki. Bi Mkubwa aliamini uwatu, zile mbegu ndogo za njano chungu zinazouzwa na viungo, akaleta uji wake kwenye bakuli lenye kifuniko. Mafundi wa chini waliamini mtori na wakatuma ndizi. Baada ya siku mbili dada alikuwa ananuka uwatu mpaka mashuka yananuka bizari.

"Ushahidi wa huu uwatu uko wapi?" nilimuuliza Bi Mkubwa.

"Dukani kwa mume wa huyu," alisema, akimwonyesha mkwewe. "Yule mnene anayepima vitambaa. Nilimnyonyesha kwa uwatu."

Mama alimwunga mkono, jambo ambalo halikunishangaza tena. Niliwaambia kwamba mwanamke anayenyonyesha anahitaji kula vya kutosha na kunywa sana, vya aina aina, maharage, mboga, samaki, basi, hakuna mbegu ya miujiza. Dada akasema kutoka kitandani, "Nyie bishaneni, nileteeni vyote. Nina njaa." Akala vyote. Rangi ilianza kumrudia usoni.

Ila maziwa hayakurudi kwa kasi hiyo, na sababu nilikuwa naibeba mikononi. Mtoto alivuta kwa dada, akakuta kidogo, akalia. Kilio kikipanda, Mama alianza kuzunguka chumba. Alikuwa anauona ule mshale wa mzani. Sote tulikuwa tunauona. "Mpeleke, mpeleke jamani," alisema, na mimi nikavuka korido. Mtoto alirudi ameshiba, amelala fofofo, na dada akabaki amekaa na kanga wazi. Mtoto aliyeshiba hanyonyi. Asiponyonya, maziwa hayaji. Yasipokuja, analia, anapelekwa. Nilimweleza dada mzunguko huo kwa ufasaha, nadhani hata nilichora kwa kidole juu ya shuka.

"Najua," alisema. "Nesi kaniambia. Sasa wewe utaweza kumsikiliza akilia?"

Sikuweza. Mama hakuweza. Dada mwenyewe hakuweza; yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusema "haya, mpeleke", halafu analala ametazama ukuta. Siku hizo alianza kutomwita mtoto "mwanangu". Alisema "mtoto". Mtoto ameamka. Mtoto amerudi?

Halafu siku moja, kabla ya adhuhuri, nilikuwa koridoni na mtoto analia begani. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya juu alikuwa anapanda na ndoo kichwani, mmoja wa waliokula tende, mtu mwema. Aliniona nimesita katikati ya milango miwili.

"Mjomba, unasubiri nini? Mpeleke kwa mama yake anyonye."

Na kwa kidevu, maana mikono ilikuwa kwenye ndoo, akaonyesha mlango wa pili.

Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wetu. Alikuwa ametoka kwa mara ya kwanza bila kuegemea. Alirudi ndani polepole, na nikasikia kitanda kikilia. Nilipogeuka, jirani naye alikuwa kwenye mlango wake, mtandio begani, na alikuwa anatazama pale dada alipokuwa amesimama. Alimpokea mtoto, akamnyonyesha, akanirudishia bila utani wowote.

Kesho yake asubuhi dada alijaribu, mtoto akavuta, akalia, Mama akazunguka chumba, na mimi nikavuka.

Jirani alifungua mlango nusu. Nyuma yake harufu ya kahawa ya tangawizi ilikuwa nzito. Shavu lake moja lilikuwa limejaa. Alitafuna mara mbili, akameza, akajifuta kona ya mdomo, na pale palibaki chembe ya kitumbua.

"Mjomba, leo nimefunga," alisema.

Nilimtazama.

"Nalipa siku zangu za Ramadhani, zile za mimba. Na mimi nikifunga maziwa yanapungua, yananitosha huyu wangu tu."

"Mpaka lini?"

"Nina siku nyingi." Alimshika mtoto mguu, akaubonyeza unyayo kwa kidole gumba. "Mrudishe kwa mama yake."

Akafunga mlango. Nikasikia komeo. Mchana mlango ule haukuwahi kuwekwa komeo tangu nihamie.

Nilisimama pale na maswali yangu tayari, yamejipanga, yote ya msingi. Anayefunga anakula kitumbua saa ngapi? Mbona jana hakusema? Mtoto alikuwa anajinyonganyonga begani kwangu. Nikageuka.

"Kafunga," niliwaambia.

"Kafunga nini, Jumatano?" Mama alisema. Alitazama kopo kwenye rafu, akaenda kuweka maji jikoni, akarudi na kikombe mkononi, tayari.

Dada alikuwa ameshafungua kanga. Alimchukua binti yake na kumweka. Kuvuta, kuachia, kulia. Akambadilisha upande. Kuvuta, kulia. Mama alisogea na kikombe.

"Mama, weka chini hicho kikombe," dada alisema.

"Mshale, mwanangu."

"Kiweke karibu. Ila kiweke chini."

Mama alikiweka kwenye kigoda, akakaa kando yake kama anayelinda sufuria. Mimi nilifungua dirisha, nikalifunga, nikaambiwa niache. Spika ya mashuka ilikuwa inaimba bei. Mtoto alilia, akachoka, akalala kidogo kwenye kifua cha dada bila kuachia, akaamka, akavuta tena kwa hasira. Dada alikula bakuli la uji wa uwatu kwa mkono mmoja, akaomba maji, akaomba mengine. Mchana ulikuwa umeanza kulegea tuliposikia kolo moja. Mama alininyooshea kidole ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema kitu. Mtoto akavuta. Kisha nyingine. Kisha mbili zikifuatana.

Dada hakutabasamu. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, kama mtu anayesubiri simu isikatike.

Mtoto alilia tena, akapewa kikombe kidogo baada ya kunyonya, akarudishwa kifuani. Haikuwa siku ya ushindi. Siku kadhaa zilifuata za namna hiyo, na safari moja ya kliniki ambako Mama aliuangalia mzani kupitia vidole. Mshale ulikuwa pale pale; safari iliyofuata ukapanda. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya kwanza nilichokuwa nacho ni nepi za kuanika.

Nilizitoa koridoni. Kwenye kamba, upande wa jirani, kanga zilikuwa zimejaa, nyingi kuliko kawaida ya siku moja, zinachuruzika. Hakuwa na wageni, na siku yake ya kufua ilikuwa bado. Nikazisogeza kidogo kupata nafasi ya nepi. Ukuta kati ya vyumba vyetu ni mwembamba. Binti yetu alikuwa amelia tangu asubuhi.

Adhana ya magharibi ilipomalizika, mlango wetu ukagongwa. Alikuwa Bi Mkubwa na sinia: tambi za nazi, kunde, vipande vya samaki, chapati zimefunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba. Futari hii. Mkwe wangu kasema mama wa mtoto ale naye."

Nilipokea sinia. Lilikuwa zito, limepakuliwa kwa ajili ya mtu mwenye njaa ya watu wawili. Nilitazama zile kanga, nikamtazama Bi Mkubwa.

"Una swali?" aliniuliza.

"Hapana, Bi Mkubwa. Mwambie funga njema."

"Maajabu haya," alisema, akarudi kwake, ndala zake zikiburuza.

Niliweka sinia kitandani. Dada hakutaka mtoto achukuliwe ili ale. Alimshikilia kwa mkono wa kushoto, titi bado mdomoni mwa mtoto, na kwa mkono wa kulia akaanza na chapati. Akala tambi, akala kunde, akaacha mifupa ya samaki imepangwa ukingoni mwa sinia.

"Mwanangu kalala," alisema akiwa bado anatafuna. "Imebaki chapati nyingine?"

Mama akampa ya kwake.